Udongo wa Kuazima

Alikuja na kopo tupu la samli, asubuhi ya ukungu,
viazi vyangu vimeshikwa na baka,
akaniomba udongo.
Si mbegu, si kaa la kuwashia jiko.
Udongo, wa tuta la chini,
pale maji yanapochungulia kabla hayajawa kijito.

Nikamwambia, Kedresi, chukua hata debe.
Udongo ndicho kitu pekee
mlima huu unachonipa bila kuombwa;
kila masika unanishushia hadi mlangoni.
Akacheka. Akachota kwa kijiko,
kama mtu apimaye dawa ya mtoto.

Watu walisema sana. Binti Tindimwebwa
kasomeshwa Makerere kwa fahali wawili,
karudi kuchekecha vumbi.

Siku moja nilipita kwake nikitafuta mbuzi aliyekata kamba.
Makopo yamepangwa dirishani, kila moja na karatasi yake:
*Rubaya, barabara mpya, mwekundu.*
*Kiruruma, bwawani, mweusi, unanuka kambare.*
*Muko, una chuma.*
Halafu kopo la samli:
*Kwa Biryabarema, tuta la chini.*
Jina langu, katikati ya rangi.
Sikuwahi kuliona limeandikwa popote
ila kwenye kadi ya zahanati
na daftari la chama cha machela.

Alikuwa ameshona magunia matatu ya viazi ubavu kwa ubavu,
herufi za kiwanda bado zinasomeka,
na juu yake anapandisha mlima:
udongo na kiini cha yai,
brashi ya mkia wa mbuzi.
Nikautazama ule mkia.
"Si wako," akasema. "Wako yuko kwenye mtama wangu."

Sikuona kitu siku ile, nasema kweli.
Niliona madoa. Mistari, kama mbavu za ng'ombe wa kiangazi.
Nikamfunga mbuzi, nikaenda zangu.

Novemba tuta la chini likaondoka.
Usiku, bila kishindo kikubwa,
na maharage yake, na chemchemi,
na mpaka tuliougombania na Ngabirano miaka tisa.

Nikaenda Kabale mjini kuomba mkopo,
viatu vya shemeji vikinibana.
Kijana wa benki akauliza, una hati?
Nina makubaliano, yenye dole gumba la baba.
Mteremko wake ukoje?
Wa kawaida, nikasema. Wa kulima mguu mmoja juu, mmoja chini.
Akagongagonga mashine.
"Mzee, udongo wa kwenu hautulii.
Benki haiwezi kushika kitu kinachotembea."

Nikainua macho nisimtazame.
Juu ya kichwa chake, ndani ya fremu ya dhahabu,
magunia matatu.
Herufi za kiwanda chini ya anga.
Na kule chini, kulia,
ule ukijivu unaotaka kuwa kijani,
ule unyevu.
Haikuwa picha ya tuta langu.
Lilikuwa tuta lenyewe, lililosalia,
limetulia ukutani kwa misumari minne.

Nikaizunguka meza. Sikukimbia.
Nikaweka kidole.
Askari akapiga ukelele utadhani nimeshika sefu.

Chembe ilibaki ukuchani.
Niliileta kwa miguu, ngumi imefumbwa,
viatu vya shemeji begani,
nikamwonyesha Kedresi, nikiogopa kama mwizi.
Akauliza, umeitoa wapi?
Chini, kulia.
Akaingia ndani, akarudi na kopo la samli.
Limebaki robo. "Ni wako," akasema.
Nikamwambia akae nalo, kwangu mvua inajua njia.

Kisha nikamuuliza walimlipa ngapi.
Akataja, akiangalia chini.
Nikahesabu kwa vidole, nikarudia kuhesabu:
mkopo wangu mara mbili, na chenji.
Hatukusema kitu.
Mbuzi alikuwa amekata kamba tena,
amesimama kati yetu,
anatafuna taratibu karatasi yenye jina langu.